Mikono mizuri, gongo dhaifu: jibu kwa mama wa Houston

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Tanga ambaye sasa anaishi Houston. Nalifupisha: "Mwanangu ana miaka 16, anacheza besiboli shuleni, nafasi ya shotistopu. Kocha wake anasema mtoto ana mikono mizuri ya kupokea mpira ila gongo lake ni dhaifu, kwa hiyo hatafika mbali kama mchezaji. Mtoto mwenyewe anasema hata asipofika, atakuwa kocha. Baba yake anacheka, anauliza tangu lini aliyeshindwa kucheza akafundisha wenzake. Mimi nimesikia makocha wengi wakubwa wa mchezo huu walikuwa wachezaji wa kawaida tu. Ni kweli? Na hiyo njia ikoje?"

Dada, mwanao kasema jambo la maana, na mumeo naye usimnunie, maana kicheko chake kina sehemu ya ukweli. Nitakujibu kwa kumfuata mtu mmoja, Ron Washington. Maisha yake yana kila ulichouliza: mikono, gongo dhaifu, miaka ya kusota, ualimu, ukocha mkuu, na aibu mbili tatu ambazo wanaomsifia hupenda kuziruka.

Kwanza niwaweke sawa wasomaji wengine, wale wanaoijua besiboli kwa kofia tu. Kofia za Yankees zimejaa Kariakoo, ila mchezo wenyewe wengi hawajauona. Uwanja una besi nne zilizopangwa kwa umbo la kashata, na kutoka besi moja hadi nyingine ni mita 27 na kidogo. Mrushaji yuko katikati. Mpigaji yuko besi ya nyumbani na gongo lake (la mti, si lile la kunywa). Wachezaji wanne wa ndani wanalinda eneo la udongo: mmoja besi ya kwanza, mmoja ya pili, mmoja ya tatu, na wa nne ndiye shotistopu, anayesimama kati ya besi ya pili na ya tatu. Wapigaji wengi hutumia mkono wa kulia, na mpigaji wa kulia huuvuta mpira upande huo wa shotistopu, ndiyo maana mipira ya chini, ile inayoburuza na kudundadunda kwenye udongo, humwendea sana yeye. Mpigaji akishapiga anakimbilia besi ya kwanza. Kwa mchezaji wa ligi kuu safari hiyo ni sekunde nne na ushee. Ndani ya hizo sekunde shotistopu asogee, ainame, aupokee, autoe kwenye glovu, aurushe hadi upande wa pili wa uwanja. Ukimponyoka kidogo tu, mkimbiaji kafika. Sisi tuliocheza rede utotoni tulifundishwa kuukwepa mpira. Huyu anafundishwa kuufuata.

Washington alizaliwa New Orleans tarehe 29 Aprili 1952. Mwaka 1970 alisajiliwa na Kansas City Royals na kupitia kitu ambacho wakati huo kilionekana kama kichekesho: chuo cha besiboli. Mmiliki wa klabu, Ewing Kauffman, aliyetajirika kwa biashara ya dawa za hospitali, alijenga shule ya bweni Sarasota, Florida. Aliamini kwamba kijana mwenye mbio, macho makali na mwili unaosikia amri anaweza kufundishwa mchezo huu hata kama hakuukulia. Watu wa besiboli ya zamani walikunja pua, na chuo kilifungwa mwaka 1974. Hata hivyo kilikuwa kimeshamtoa Frank White, mlinzi wa besi ya pili aliyekuja kupata Glovu ya Dhahabu, tuzo ya mlinzi bora wa nafasi yake, mara nane.

Mimi naona chuo hicho ndicho kilichomfanya Washington awe mwalimu, miaka mingi kabla hajajua. Pale hawakukuacha ucheze tu na wao watazame. Walikichambua kila kitendo: mguu huu uanze, goti liiname kiasi hiki, macho yafuate mpira hadi uingie. Aliyelelewa hivyo hubeba somo lote kichwani, hata akiwa amesahau nani alimfundisha.

Kuhusu uchezaji wake sina mengi ya kukupambia. Kutoka siku aliyosaini hadi siku aliyogusa ligi kuu ilipita miaka saba. Alianza na Los Angeles Dodgers tarehe 10 Septemba 1977, akacheza mechi 10, akapiga vizuri sana, kisha akarudishwa ligi ndogo na asionekane tena juu hadi 1981, Minnesota Twins walipomchukua. Alikuwa na miaka 29, umri ambao wengine wanaanza kuhesabu siku za mwisho. Alikaa Minnesota hadi 1986, akapita Baltimore, akapita Cleveland, na msimu wake wa mwisho ulikuwa hapohapo mjini kwenu, Houston Astros, 1989. Jumla ni mechi 564 katika misimu kumi, wastani wa kupiga .261, yaani kwenye kila majaribio mia alifanikiwa mara 26. Homurani, ile mipira inayovuka uzio, alipata 20 kwa maisha yake yote. Mpigaji mwenye nguvu huzipata hizo 20 kwa msimu mmoja na bado akalaumiwa.

Hilo ndilo gongo dhaifu analoliongelea kocha wa mwanao. Ila angalia vizuri: mtu mwenye gongo la namna hiyo alibaki kwenye malipo ya ligi kuu karibu muongo mzima. Kilichomweka ni kwamba ukimweka shotistopu, besi ya pili au ya tatu, kazi inafanyika.

Sasa kicheko cha mumeo. Tangu lini aliyeshindwa kucheza akafundisha? Kwenye besiboli, tangu zamani. Sparky Anderson alicheza ligi kuu msimu mmoja tu, 1959, besi ya pili, Philadelphia Phillies. Wastani wake ulikuwa .218, homurani sifuri, na hakuitwa tena. Akaja kutwaa World Series, yaani fainali ya ubingwa wa ligi kuu, mara tatu kama kocha mkuu: 1975 na 1976 akiwa Cincinnati Reds, na 1984 akiwa Detroit Tigers. Tony La Russa, naye mchezaji wa ndani, alimaliza na wastani wa .199 katika mechi 132, akasomea sheria asije akalala njaa, kisha naye akatwaa World Series tatu. Upande wa pili mweke Ted Williams, ambaye wengi humwita mpigaji bora kuliko wote waliowahi kushika gongo, wastani .344. Alianza ukocha vizuri kwenye klabu ya Washington Senators mwaka 1969, lakini kila mwaka uliofuata ukawa mbaya kuliko uliotangulia. Klabu ilipohamia Texas mwaka 1972 na kuitwa Rangers, yeye ndiye alikuwa kocha wao wa kwanza. Walipoteza mechi 100, akaondoka.

Sisemi kipaji kikubwa ni nuksi. Wapo nyota waliofundisha vizuri. Ila aliyezaliwa akiuona mpira polepole hawezi kukueleza anavyouona. Ni kama bibi anayepika pilau kwa kutia chumvi kwa kiganja, mkilinganisha na mtu aliyejifunza kwa kupima na kikombe. Bibi anapika vizuri zaidi, sikatai. Mwombe akufundishe, uone atakavyokujibu: "tia kiasi."

Halafu kuna suala la mahali anaposimama. Mchezaji wa ndani, kabla ya kila mpira kurushwa, anajiuliza: ukija kwangu, nautupa wapi? Ukienda kwa mwenzangu, nikafunike besi ipi? Ukienda mbali kwenye majani, nani anasimama katikati kuupokea na kuupeleka nyumbani? Mechi nzima ni maswali hayo, mara mia na zaidi kwa siku, na msimu una mechi 162. Hapo nakiri kwamba wadakaji, wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji, wanatuzidi kwa kutoa makocha wakuu, kwa sababu wao uwanja wote uko mbele ya macho yao. Lakini kwa kufundisha kazi ya mikono, wa ndani hawana mpinzani.

Washington alianza ualimu huo kwenye timu za ligi ndogo za New York Mets, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye mabasi na hoteli za bei ya chini. Mwaka 1996 akachukuliwa na Oakland Athletics na akakaa huko hadi 2006. Hiyo miaka 11 ndiyo naipenda kuliko yote, na hapo nataka tukae kidogo.

Saa kadhaa kabla ya mechi, viti vikiwa bado vitupu, anatoka na mipira na gongo lake jembamba la mazoezi. Mchezaji anapiga magoti mbele yake, umbali wa hatua chache tu. Mkononi hana glovu ya kawaida. Amevaa kiglovu kidogo bapa, pande lisilo na mfuko, ambalo mpira hauna pa kujificha. Kwa glovu kubwa unaweza kuupokea vibaya na bado ukakaa, ukajidanganya kwamba unajua. Kwa hicho kibapa, ukikosea kwa upana wa kidole, mpira unakukimbia. Washington anaugonga taratibu ili udunde mara moja karibu kabisa na mkono. Mbele ya mwili. Kisha upande wa glovu. Kisha upande wa pili, mkono ukiwa umegeuzwa. Mchezaji hana miguu ya kumsaidia kwa kuwa kapiga magoti, kwa hiyo kazi yote inabaki kwa macho na viganja. Akishaiva hapo ndipo anasimama, miguu inaongezwa, na urushaji unakuja mwisho. Wanarudia kesho. Na keshokutwa. Nyota hasamehewi.

Nilipoliona zoezi hilo mara ya kwanza niliona aibu. Mimi mchezo huu niliufundishwa Dar es Salaam na wajitoleaji wa Kijapani, na nilipoanza kuwafundisha watoto nilidhani mazoezi ni kuwapigia mipira mikali kutoka mbali mpaka wachoke. Niliwafundisha kuogopa. Mtoto akiogopa mpira hufumba macho na kugeuza uso, na mkono hubaki peke yake kama kipofu. Siku niliyoanza kuwapigisha magoti na kuwadundishia mipira laini karibu, ndani ya wiki chache waliacha kugeuza uso. Glovu bapa hatukuwa nazo. Tulitumia kandambili.

Ushahidi kwamba njia hiyo inafanya kazi ni huu. Mwaka 2002 Oakland walimsajili Scott Hatteberg, mdakaji ambaye kiwiko chake kiliharibika mshipa wa fahamu, hawezi tena kurusha kama zamani. Walitaka gongo lake, kwa hiyo walimtaka acheze besi ya kwanza, nafasi ambayo hakuwahi kuishika ligi kuu. Washington ndiye alipewa kazi ya kumfinyanga, na msimu huo Hatteberg alicheza pale bila timu kuzama. Eric Chavez wa besi ya tatu alishinda Glovu ya Dhahabu mara sita mfululizo, 2001 hadi 2006. Tuzo yake ya 2004 hakuiweka kabatini. Alimpa Washington, akiwa ameandika kwamba bila yeye isingepatikana. Sijui kama kuna mshahara unaolingana na hilo kwa mwalimu.

Mfano ninaoupenda zaidi ulikuja baadaye. Mwaka 2015 Oakland walikuwa na shotistopu kijana, Marcus Semien, aliyefanya makosa 35 msimu huo. Ni mengi mno. Mashabiki walitaka ahamishwe nafasi. Mwezi Mei klabu ikamrudisha Washington, ambaye wakati huo hakuwa na timu, afanye naye kazi. Magoti, kiglovu bapa, mpira mmoja baada ya mwingine, kila siku. Miaka sita baadaye Semien alishinda Glovu ya Dhahabu akiwa besi ya pili Toronto Blue Jays. Mikono ileile, mtu yuleyule.

Kabla sijafika huko nimeruka kipindi kikubwa, kile ambacho magazeti hukipenda. Mwishoni mwa 2006 Texas Rangers walimteua kocha mkuu, akiwa na miaka 54. Mwaka mmoja kabla, Agosti 2005, kimbunga Katrina kilikuwa kimeiharibu nyumba yake New Orleans. Rangers hawakuwahi kushinda hata hatua moja ya mchujo tangu klabu ianze. Mwaka 2010 aliwapeleka World Series kwa mara ya kwanza, wakafungwa na San Francisco Giants mechi nne kwa moja. Mwaka 2011 akawarudisha tena.

Machi 2010, kabla ya msimu huo mzuri, ilijulikana kwamba mwaka uliotangulia alipimwa akakutwa na kokeni. Alikuwa mtu mzima wa miaka 57 wakati huo wa vipimo, si kijana. Alikiri, alitaka kujiuzulu, na klabu chini ya rais wake Nolan Ryan ikaamua abaki. Nakwambia hili kwa sababu mwanao akimpenda mtu huyu atalikuta mwenyewe, na ni afadhali alisikie kwako.

Na sasa usiku wa tarehe 27 Oktoba 2011, mjini St. Louis, mechi ya sita. Rangers wanaongoza World Series mechi tatu kwa mbili dhidi ya wenyeji, St. Louis Cardinals. Ni awamu ya tisa, ya mwisho, wanaongoza 7 kwa 5, wapinzani wamebakiwa na mtu mmoja, na huyo mtu, David Freese, amebakiwa na mpira mmoja. Akipoteza huo, Texas ni mabingwa. Freese akaupiga kwenda upande wa kulia, nyuma kabisa. Aliyekuwa akilinda huko ni Nelson Cruz, mpigaji mkubwa lakini mlinzi mzito. Akarudi nyuma kwa kusitasita, mpira ukampita juu, wawili wakafika nyumbani, ngoma droo. Awamu ya kumi Josh Hamilton akawapa Rangers uongozi tena, 9 kwa 7, na kwa mara ya pili walibakiwa na mpira mmoja tu, na kwa mara ya pili ukapigwa. Awamu ya 11 Freese akamaliza kwa homurani. Siku iliyofuata Cardinals wakashinda mechi ya saba.

Kwenye benchi Washington alikuwa na Endy Chavez, mlinzi mwepesi ambaye angeweza kuingia kwa Cruz kulinda uongozi huo. Hakumwingiza. Bado hili linanishangaza. Mtu aliyetumia maisha yake kufundisha watu kupokea mipira, siku kubwa kuliko zote akamwacha uwanjani asiyeweza kuipokea. Hukumu yangu ni kwamba alikuwa mwalimu mkubwa sana na kocha mkuu mzuri tu, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo watu huyachanganya. Aliyekaa benchi la Cardinals usiku ule, kwa njia, alikuwa nani? Tony La Russa, yule wa .199.

Aliendelea Texas hadi Septemba 2014, akajiuzulu ghafla, na baadaye akaeleza hadharani kwamba hakuwa mwaminifu kwa mkewe. Ndipo ikaja ile Mei 2015 na Semien. Fikiria: umekuwa kocha mkuu aliyefika World Series mara mbili, halafu unarudi kuinama na mipira kumgongea kijana asubuhi. Wengi hawakubali. Yeye alikwenda.

Kwa msimu wa 2017 Atlanta Braves walimchukua kama kocha wa besi ya tatu. Kazi hiyo ukiitazama kwenye televisheni utadhani ni mzee anayefukuza nyuki. Anasimama pembeni ya besi ya tatu, anagusa kofia, mkanda, kifua, sikio, na kati ya miguso hiyo mmoja tu ndiyo ujumbe wa kweli kwa mpigaji. Mingine ni ya kuwapoteza wanaochungulia. Mkimbiaji akija mbio kutoka besi ya pili, haoni mpira uko wapi. Anamwangalia kocha. Kocha akizungusha mkono, unakwenda nyumbani. Akiinua viganja, unasimama. Ana kama sekunde moja ya kupima mbio za huyu na mkono wa yule kule mbali. Akikosea, uwanja mzima unajua ni yeye.

Mchana aliendelea na magoti na vibapa vyake: Ozzie Albies, Dansby Swanson, Austin Riley. Tarehe 2 Novemba 2021 Braves waliwafunga Astros 7 kwa 0 na kutwaa World Series, na iliyokuwa ikiomboleza ilikuwa Houston yenu. Miaka 32 baada ya kuvua jezi ya uchezaji mjini humo, akiwa na miaka 69, ndipo akapata pete ya ubingwa. Mwaka 2022 Swanson alipata Glovu ya Dhahabu.

Los Angeles Angels wakampa ukocha mkuu kwa msimu wa 2024, mwaka wake wa 72. Walipoteza mechi 99, rekodi mbaya kuliko zote katika historia ya klabu. Juni 2025 alisimama kwa ajili ya afya, akafanyiwa upasuaji wa moyo, na klabu haikuendelea naye baada ya msimu huo.

Basi tuje kwa kijana. Gongo la miaka 16 halijaisha kukua, usikubali hukumu hiyo kama ya mahakama. Lakini hesabu zijue. Usajili wa kila mwaka wa ligi kuu sasa una raundi 20 (zamani 40) na klabu 30, kwa hiyo ni vijana kama 600 kutoka Marekani nzima. Wengi wao wataishia ligi ndogo, ambako kwa mkataba wa 2023 kima cha chini kilikuwa kama dola 19,800 kwa mwaka daraja la chini kabisa, na 35,800 daraja la juu kabisa. Ligi kuu, mwaka 2025, kima cha chini kilikuwa dola 760,000. Kati ya ngazi ya mwisho na ghorofa hakuna kibaraza.

Akikwambia mtoto wa Kiafrika hajawahi kufika, mwambie habari za Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alifanya kazi kwenye jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, na waliishi humohumo. Alikuwa mchezaji wa ndani, mikono ya dhahabu, gongo dhaifu. Alisajiliwa na Pittsburgh Pirates mwaka 2008, na tarehe 26 Aprili 2017 akawa wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza ligi kuu. Mpira wa kwanza aliofanikiwa kuupiga ulirushwa na Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake. Mechi zake za ligi kuu hazikufika 50. Alifika.

Kuhusu ukocha wenyewe, mlango umepanuka kuliko enzi za Washington. Alyssa Nakken alicheza softiboli ya chuo kikuu, besi ya kwanza, na mwaka 2020 San Francisco Giants walimwajiri kwenye benchi la makocha, mwanamke wa kwanza ligi kuu kwa nafasi hiyo. Klabu siku hizi zinataka watu wanaoelewa kamera na takwimu, si waliocheza tu. Kwa hiyo mwanao aende chuo, acheze huko kama timu itamtaka, na kama haitamtaka aombe kubeba ndoo za mipira. Na ajifunze Kihispania vizuri. Klabu zimejaa vijana kutoka Jamhuri ya Dominika na Venezuela, na kocha wa ndani anayehitaji mkalimani kusema "inama" amechelewa. Mtoto aliyekulia na Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni lugha ya tatu haimshindi.

Leo jioni mjaribuni hivi. Apige magoti kwenye nyasi, macho mbele, kandambili moja iliyofungwa kwenye kiganja cha mkono wa glovu. Wewe kaa hatua nne mbele yake na ndoo ya mipira ya tenisi. Rusha kwa mkono wa chini, mpira udunde nusu mita kabla ya kandambili. Ishirini katikati, ishirini kulia, ishirini kushoto. Asiukamate, auzuie kwa kandambili na aufunike kwa mkono wa pili. Siku ya kwanza mipira itatawanyika uani kote, na baba yake mpe kazi ya kuiokota.